Namna ya Kutembea Mbizi Bila Shughuli Yoyote

Mlima si tatizo. Mbizi iko pale pale, juu ya mji wa Sumbawanga, haimkimbii mtu, na njia yake fupi inapitika na yeyote mwenye magoti mawili yanayosikilizana. Tatizo ni maswali. Toka Ilemba, huku bondeni Rukwa, alfajiri umevaa raba, begi mgongoni, huna jembe, huna gunia, huna hata kuku wa kumpelekea mkwe, uone. Mtu wa kwanza kukutana naye atakuuliza unakwenda wapi. Wa pili atakuuliza nani amefariki. Ukijibu "natembea tu," wote wawili watakuitikia kwa adabu, kisha watasimama kukutazama hadi upotee kwenye kona, na kabla jua halijapanda habari itakuwa imefika kwenu kwamba umeanza kuchanganyikiwa, au unadaiwa.

Huku bondeni mguu haunyanyuliwi bure. Mtu anakwenda shamba la mpunga, anafuata ng'ombe, anawahi mnada, anampeleka mtoto kliniki, anakwenda kudai au anamkwepa anayemdai. Anayetembea bila sababu, basi sababu anayo, ila anaificha. Kwa hiyo safari yako fupi na rahisi haianzi na viatu wala chupa ya maji. Inaanza na kutafuta sababu.

Isiwe msiba. Majirani watakukabidhi rambirambi uwafikishie wafiwa, na mtu anayerudi na rambirambi za watu mfukoni akieleza kwamba aliishia kuangalia miti hana maisha marefu kijijini. Isiwe ugonjwa: watakuombea, na mmoja wao atafunga kanga kiunoni akusindikize hadi hospitali. Harusi nayo ina gharama zake, kwa sababu utaulizwa nani kaolewa, kwa ng'ombe wangapi, na uongo wa ng'ombe ni mgumu kuukumbuka wiki mbili zikipita. Sema unakwenda mjini kufuatilia kitambulisho. Hakuna atakayeuliza zaidi. Hakuna atakayeshangaa ukirudi mikono mitupu. Na mwezi ujao ukitamani kutembea tena, sababu ile ile itakuwa bado mbichi.

Wala usione haya. Waliokutangulia kuikanyaga nchi hii wote walikuwa na sababu, hata kama baadhi hazikuwa nzuri. Wangoni wa Zwangendaba walifika Ufipa miaka ya 1840 wakitokea kusini kabisa mwa bara, na ngao zao na mikuki yao, na kiongozi wao akafia huku huku. Mwaka 1873 akina Chuma na Susi walipita Ufipa wamebeba maiti ya bwana wao, David Livingstone, iliyokaushwa juani na kufungwa vizuri, wakiitoa kwa Chitambo katika Zambia ya leo. Waliifikisha Bagamoyo Februari 1874. Likumbuke hilo siku utakapolalamika kwamba begi lako lenye mkate na sweta linakukata mabega. Mwaka 1880 akaja Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti wa miaka 22, akaliona Ziwa Rukwa na kulipa jina la Leopold. Waliokuwa wakivua samaki humo hawakuarifiwa, ndiyo maana ziwa bado linaitwa Rukwa.

Nzige nao waliwatembeza watu. Mwaka 1949 ilianzishwa huduma ya kimataifa ya kuwadhibiti nzige wekundu, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao sasa ni Mbala, kwa kuwa mbuga za Rukwa ni mojawapo ya sehemu chache Afrika ambako nzige hao huzaliana kimyakimya mpaka siku wanapoamua kuonekana. Kisha mwaka 2016 watafiti wakatangaza kwamba chini ya bonde letu kuna heliamu, ile gesi inayopoza mashine kubwa za hospitali zinazopiga picha ndani ya mwili, na ambayo pia hupuliziwa kwenye maputo ya sherehe za watoto wa wenye nazo.

Mwanajeshi, mbeba maiti, mpelelezi, bwana nzige, mtu wa gesi. Hakuna hata mmoja aliyesema anatembea tu.

Huyo wa gesi ndiye atakayekuletea shida. Tangu habari hiyo isambae, mgeni yeyote mwenye begi anayesimama njiani kutazama jiwe anahesabiwa kuwa ameona kitu. Kwa hiyo usiokote jiwe. Usilielekezee simu jiwe. Kamba ya kiatu ikifunguka, angalia kwanza kushoto na kulia, kisha inama haraka na uinuke ukiwa umefungua viganja ili kila mtu aone havina kitu. Ukichelewa kuinuka, utakaporudi utakuta pale ulipoinama pamechimbwa.

Sasa, kwa nini Mbizi? Kwa sababu hutamkuta mtu isipokuwa wenyeji, na wenyeji, kwa hesabu za utalii, si watu wa kuhesabiwa. Tangu ile filamu ya utalii ya Royal Tour ya mwaka 2022, kila mkoa unatafuta cha kuonyesha, na ukiuliza Rukwa kuna nini utaelekezwa Kalambo. Ni sawa. Kalambo ni pazuri: maji ya mto wa mpakani na Zambia yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja, na mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba upande wa pili wa mpaka, jirani na hapo, kumepatikana magogo yaliyochongwa na kushikizwa pamoja miaka 476,000 iliyopita, kabla binadamu wa aina yetu hajazaliwa. Nenda. Lakini Kalambo haifai kwa mwongozo huu, maana Kalambo ni sababu tosha. Mtu akisema amekwenda kuona maji yakianguka kutoka huko juu, anaeleweka hata na bibi yake. Mbizi haina maporomoko ya kujitetea nayo. Ina nyasi, upepo, miti iliyojibana kwenye mabonde, na kima ambao wangependa usije.

Kutoka Ilemba kwenda Sumbawanga ndiko kupanda mlima kwenyewe, ila unapanda umekaa. Ziwa Rukwa liko kwenye mwinuko wa mita 800 hivi. Sumbawanga iko karibu mita elfu moja juu yake. Barabara ya Kilyamatundu inatambaa bondeni kwa saa nyingi ikijifanya haijui hilo, kisha ikifika Muze inakumbuka deni lake na kuanza kulilipa kona kwa kona hadi Ntendo. Wenzako garini hawakupanda kwa ajili ya mandhari. Kuna magunia ya mpunga, kuna samaki waliokaushwa, kuna kuku waliofungwa miguu wawili wawili, na kuna mama aliyekaa dirishani. Wewe ulikitaka kiti chake ili upige picha, yeye anakihitaji ili atapike. Mwachie.

Konda atakuuliza mzigo wako uko wapi. Onyesha begi. Atauliza lina nini. Sweta, mkate, maji. Atakutoza nauli ya kawaida, lakini hatakuamini, na kila gari likipunguza mwendo atageuka kuona kama bado una nia ya kufika.

Mjini yatakukuta mambo mawili. La kwanza ni baridi. Wewe umezoea usiku wa Ilemba, wa kugeuza mto kila saa kutafuta upande usio na jasho. Sumbawanga ya Juni na Julai itakulaza na soksi. Wenyeji utawaona saa nne asubuhi, jua likiwaka, wamejifunga makoti ya mtumba yaliyoshonwa kwa ajili ya theluji ya nchi nyingine. Usicheke, tafuta muuzaji. La pili ni simu kutoka Dar es Salaam. Rafiki yako akisikia uko Sumbawanga atauliza kwa nini ulihangaika na basi wakati watu wa kwenu husafiri kwa ungo. Utani huu ni mkongwe kuliko lami ya Tunduma na hautakufa leo. Mjibu kwamba ungo hauna sehemu ya kuweka begi, kisha umuulize jana alitoka kazini saa ngapi na alifika Mbagala saa ngapi. Atakata simu mwenyewe.

Kibali. Mbizi ni msitu wa hifadhi wa serikali, uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na msitu wa hifadhi hauingiwi kwa kupiga hodi mtini. Unaomba, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, unaonyesha stakabadhi. Mtu wa kwetu akifika hapo hupatwa na uchungu wa ghafla wa kizalendo: yaani nilipe kuangalia miti iliyoota yenyewe? Meza uchungu huo. Hasa usianze kueleza kwamba babu yako alikuwa akikata fito humo tangu enzi za mkoloni. Hiyo si hoja ya kupunguziwa ada. Hiyo ni kukiri kosa kwa niaba ya marehemu.

Omba na mtu wa kukuongoza. Mwite mzee ikiwa ana mvi, kaka ikiwa hana, na usimwite "gaidi" hata kama umewasikia watu wa Arusha wakijiita hivyo; neno hilo likisikika vibaya na askari wa doria siku yenu itakuwa ndefu. Atakuja amevaa katambuga, zile ndala za tairi la gari, na atakitazama kiatu chako kipya chenye soli nene na kamba za rangi mbili kwa huruma ya kweli. Yeye haendi mlimani. Anakwenda upande wa pili kumwona shemeji, na njia ndiyo hiyo hiyo.

Muulize ni mwendo wa muda gani kwenda na kurudi. Atafikiri kwa dhati, maana anataka kukujibu vizuri. Mama akiwa na kuni, atasema, saa moja na nusu kurudi. Na bila kuni? Hapo atakwama. Hajawahi kumwona mtu anayeshuka njia ile bila kuni, bila ndoo, bila mtoto mgongoni, wala hajawahi kuombwa kukadiria. Basi ujue tangu mwanzo: urahisi wa njia hii umepimwa kwa watu wenye kichwa kitupu.

Mtaanza kwenye mashamba. Kama ni baada ya mvua utaona vichuguu vya udongo vya duara vimepangwa shamba zima. Usidhani ni makaburi na kuvua kofia, kama wageni wengine. Hizo ni intumba, kilimo cha Wafipa cha miaka mingi: nyasi zinafukiwa chini ya udongo zioze, mbegu inapandwa juu ya mbolea yake yenyewe. Kuna mtaalamu atakayekuja siku moja kutufundisha jambo hili kwa jina jipya na semina ya siku tatu yenye posho. Kiongozi wako anaweza pia kukusimulia juu ya malungu, tanuri za udongo ndefu kuliko mtu ambamo Wafipa waliyeyusha chuma bila mifuo, moto ukivuta hewa wenyewe kupitia matundu ya chini kwa siku kadhaa mfululizo. Majembe ya Ufipa yalitoka humo mpaka yale ya madukani yalipoyaua. Na mkaa wa kulisha tanuri hizo ulitoka kwenye miti. Kwa hiyo hata misitu ya Ufipa ina historia ya kuombwa vitu.

Ukiingia kwenye nyasi za juu, upepo utakukaribisha kwa kukupora kofia. Ni mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, na mapafu yako ya bondeni yataanza kuuliza maswali yale yale ya majirani: tunakwenda wapi, kuna nini. Hapa ndipo panapohitajika ustadi wa kupumzika bila kuonekana unapumzika. Wengine huuliza jina la mti. Mbinu ni nzuri, lakini kiongozi anajua majina ya miti mingi na atakutajia kwa Kifipa, kisha atakuuliza unauliza ili iweje, na pumzi ya kujibu hutakuwa nayo. Afadhali utoe simu na uikunjie uso. Mtu anayetafuta mtandao huheshimiwa popote, na juu ya Mbizi unaweza hata kuupata.

Pembeni ya msitu, lazima, mtakutana na bibi. Atakuwa amejitwika mzigo wa kuni kavu wenye urefu wa mlango, panga limechomekwa katikati ya mzigo, shingo imenyooka kuliko yako. Msalimieni ninyi kwanza, na msimame pembeni, kwenye nyasi. Aliyebeba ndiye mwenye njia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Hawajambo huko mtokako?"

"Hawajambo, bibi."

"Mmepotelewa na nini?"

"Hatujapotelewa na kitu. Tunakwenda kuutazama msitu."

"Umefanyaje?"

Hapo mwongozo wangu unaishiwa maneno kwa muda, kwa sababu bibi ameuliza kama anavyouliza mtu aliyeambiwa kuna anayekwenda kutazamwa: mgonjwa. Na si kwamba amekosea sana. Msitu huu hauko kipande kimoja. Umekatikakatika, umebaki kwenye mikunjo ya milima ambako unyevu unaulinda, na kila kiangazi moto unakuja kuula kutoka kwenye nyasi za pembeni. Mmoja amewasha apate majani mapya ya ng'ombe. Mwingine anawinda. Mwingine alikuwa anasafisha shamba lake kwa uangalifu kabisa, upepo ukachukua uamuzi wake. Mbao, mkaa na fito vina wateja mjini, na wateja hao hao ndio wanaokunywa maji ya chemchemi za huku, maana Mbizi ndiyo inayoushikia mji wa Sumbawanga maji yake. Hayo yote utayajua, lakini usimweleze bibi. Kwanza anayajua, alikuwa anakuja hapa wakati kuni zilipatikana hatua chache kutoka nyumbani. Pili, mzigo uko kichwani. Mwambie, "Haujambo, bibi, tunausalimia tu," naye ataitikia, atawatakia safari njema na kushuka bila kugeuka nyuma, akiwaza watoto wa siku hizi wanavyolelewa.

Ndani ya msitu kuna sheria moja: nyamaza. Najua ni ngumu. Huenda umekuja na wenzako wanne, mmoja ana spika ya kuchaji yenye taa zinazobadilika rangi, na kuna wimbo mpya. Izime. Aliyeko juu ya mti hakuja kwenye harusi.

Ni mbega mwekundu. Ana kofia ya rangi ya kutu kichwani, mgongo wa kijivu cha majivu, mkia mrefu unaoning'inia tu bila kazi, na mikononi hana dole gumba la maana, jambo ambalo halimzuii kuruka kutoka tawi hadi tawi kwa namna ambayo wewe na madole gumba yako mawili usijaribu. Anakula majani, hasa machanga, na kwa sababu majani yana shida ya kusagika anatumia sehemu kubwa ya siku ameketi, tumbo mbele, akitafakari. Katika msitu mzima ndiye pekee asiye na shughuli na asiyeulizwa. Ndugu zake wako Gombe na Mahale, wengine Kibale nchini Uganda. Huko Gombe sokwe huwawinda na kuwala. Wa Ufipa wamebaki kisiwani mwao, wamezungukwa na nyasi na mashamba, na wamo katika orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini kutoweka. Mwaka 2007 watafiti Davenport, Mpunga na Machaga walichapisha sensa yao katika misitu miwili ya uwanda huu, Mbizi na mwingine mdogo uitwao Mbuzi. Ndiyo, Mbuzi. Namhurumia mhariri aliyelazimika kuamua kama hilo ni kosa la chapa.

Kwa hiyo wamehesabiwa, tofauti na wenyeji.

Usiwarushie ndizi. Hawazihitaji, na kima aliyeonja ndizi ya mgeni atakuwa mwizi wa mahindi ya mtu mwingine mwezi ujao, na mtu huyo ana manati. Usiwaige sauti. Na wakikutazama, vumilia kutazamwa. Mwaka 2013 yalitangazwa mataya mawili yaliyotoka kwenye miamba ya ufa huu wa Rukwa, yote ya miaka milioni 25: moja la jamii ya masokwe, likaitwa Rukwapithecus, jingine la jamii ya kima, likaitwa Nsungwepithecus. Yaani upande wako wa ukoo na upande wa mbega walikuwa wakipishana huku tangu zamani hizo. Ni kikao cha ukoo kilichochelewa kidogo, na wao ndio waliowahi kufika.

Chakula. Uliambiwa ulete mkate, nao umebonyea umekuwa chapati. Kula. Kiongozi atatoa mihogo ya kuchemsha na karanga kwenye kitambaa, na mtajikuta mnakula vyake. Chupa yako ya plastiki rudi nayo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania nzima tangu Juni 1, 2019, lakini kuna watu wanaamini sheria hiyo haipandi milima, na ndio hao walioacha vifuniko vya bluu kwenye jiwe lile zuri ulilotaka kukalia.

Halafu msitu unaisha na nchi nayo inaisha. Ukingo. Chini yako uwanda wa Ufipa unakatika ghafla, na Bonde la Rukwa limelala lote: mashamba, vumbi, barabara iliyokuchosha jana, na ziwa kwa mbali likiwa halijaamua ukingo wake uko wapi, maana ziwa hili halina mto unaotoka na hupanuka na kusinyaa kadiri mvua zinavyotaka. Hapa kila mtu wa bondeni hufanya jambo lile lile. Anainua mkono, ananyoosha kidole kwenye bati fulani linalong'aa, na kutangaza kwamba pale ni kwao. Si kwenu. Ilemba iko mbali sana kusini mashariki, na hilo unaloliona pengine ni bati la zahanati ya watu wengine. Lakini usikubali kusahihishwa. Eleza mpaka mwembe ulipo.

Picha ya ukingoni ina masharti yake. Simama hatua tatu nyuma ya pale unapodhani panapendeza; udongo wa ukingo hausomi maoni ya chini ya picha. Kiongozi akiombwa akupige, atakupiga ukiwa mdogo sana katikati ya anga kubwa, kwa sababu yeye alidhani unachotaka kionekane ni nchi. Usimfokee. Siku ukiitazama tena utakuta ndiyo picha pekee isiyo na pua yako.

Kuteremka ni rahisi kwa moyo na vibaya kwa magoti, na ndipo utakapogundua kiatu kipya kina maoni tofauti na kidole chako kikubwa. Bibi mwenye kuni mtampita njiani? Hapana. Alishafika, ameshapika. Msipite shamba la mtu kukata kona, msichume hindi moja "la kuonja", na mkikuta watoto wanawafuata nyuma wakicheka, chekeni nao. Wana haki, hawajaona maigizo ya bure muda mrefu. Mlipe kiongozi wako mliyopatana na kidogo juu yake, bila hotuba.

Gesti, mhudumu atakutazama suruali yenye vumbi na kukuuliza mlikuwa wapi siku nzima. Umechoka, uko mbali na majirani, na sababu ya kitambulisho huhitaji kuitumia huku, kwa hiyo mwambie ukweli: mlipanda Mbizi, kwenye chanzo cha maji ya mji. Atafurahi kusikia. Atauliza kama yapo, maana bombani hayajatoka tangu asubuhi, na ndoo moja iliyobaki ameshamwahidi mgeni wa chumba namba tatu.